Kabla hujavunja bafu: mambo ya kujipanga mapema ili usije ukaoga kwa jirani wiki tatu

Bafu letu hapa Tabata, Dar, lilijengwa mwaka 1998 na aliyelijenga sidhani kama aliwahi kuoga humo ndani hata siku moja, maana maji yalikuwa yanaliacha tundu la kutolea maji hapo hapo yanakimbilia mlangoni, kila asubuhi tambara koridoni. Tumeishi hivo miaka na miaka mpaka ukuta wa chumba cha kulala unaopakana na bafu ukaanza kuvimba rangi na kutoa ule unga mweupe wa chumvi, ndo tukasema basi sasa tunavunja. Kichwani nilikuwa na wiki moja na milioni 2 na nusu. Ikaenda siku 19 na karibu milioni 4, na wala sio kwamba fundi kanila au vitu vimepanda, ni mimi sikukaa chini nikajua kipi kinatangulia kipi. Hayo ndo naandika hapa.

Kabla ya yote ujue unavunja kwa sababu gani. Ukuta wa bafu unaolowa mara nyingi una visa viwili, ama bomba la maji safi linavuja ndani ya ukuta, ama maji ya kuoga yanapenya sakafuni na kwenye pembe. Namna ya kujua haina gharama, funga koki zote za nyumba usiku wakati maji yapo, hakikisha na tangi limejaa halivuti, alafu kaangalie mita. Kama kile kigurudumu kidogo kinazunguka na hakuna mtu anatumia maji basi una bomba linavuja mahali. Kama kimetulia, na bomba za kutoka kwenye tangi nazo ni nzima, mashaka yahamie kwenye sakafu. Yetu ilitulia. Fundi alipogonga pembe ya shawa grauti, ile ya kuziba mistari kati ya marumaru, ikadondoka kama unga wa sembe, chini yake simenti imelowa chapachapa. Sasa angalia, kuna fundi mwingine alikuwa ameshaniambia "bosi tunapiga marumaru mpya juu ya hizi za zamani, siku mbili tumemaliza". Ningemsikiliza ningekuwa nimefunika ugonjwa na shuka jipya, na sakafu ya bafu ingepanda ikawa juu ya koridoni.

Haya, choo chenyewe. Bakuli linunuliwe KABLA fundi bomba hajagusa sakafu, sio baada. Mi nilidhani vyoo vya kukaa vyote vinafanana, kumbe kuna vinavyotolea chini sakafuni na vinavyotolea nyuma ukutani, na kila kimoja kina kipimo chake, cha ukutani kinapimwa toka sakafuni, cha sakafuni kinapimwa toka ukutani, mpaka katikati ya tundu la bomba la inchi 4. Langu ni la sakafuni, lilitaka sentimita 30. Na hiyo 30 inapimwa toka kwenye ukuta uliokwisha, yaani tayari una plasta, gundi na marumaru juu yake. Fundi wangu alipima toka kwenye tofali. Plasta ikala sentimita 2, gundi na marumaru zikala nyingine moja na nusu, siku ya kufunga bakuli tangi lake linagonga ukuta na tundu halijafikiana, fundi kainama pale anachungulia alafu ananiambia kwa sauti ndogo, "bosi, hapa pamekula kidogo". Kidogo chake kilitugharimu marumaru nne za sakafu ambazo tayari zilishakauka, na siku mbili.

Lakini ukweli hilo kosa lilizaliwa na haraka, na haraka ilitokana na kitu kingine ambacho fundi hawezi kukuuliza. Kwa sisi Waislamu, na huku Pwani tuko wengi, mtu akikaa chooni hatakiwi kuelekea kibla wala kukipa mgongo. Dar kibla iko kaskazini, karibu moja kwa moja, maana Makka ukiitazama kwenye ramani iko juu yetu kabisa. Kwaiyo bakuli likae kuelekea mashariki au magharibi. Mi hilo nalijua tangu madrasa, ila kwenye hekaheka za simenti na mchanga lilinitoka. Mama mkwe alikuja kutusalimia siku ambayo bomba lilikuwa limeshalazwa, akasimama mlangoni na mkoba wake, akaangalia lile tundu, akaangalia dirisha, akauliza taratibu kabisa, "Mwanangu, hapo mtu akikaa anaelekea wapi?" Kimya. Mke wangu kaangalia pembeni. Jioni hiyo hiyo tukageuza bomba, kukata zege upya, kuongeza elbo moja ya kukunjia bomba, na ndo katika kukimbizana huko kipimo kikachukuliwa toka kwenye tofali. Kwaiyo kabla hata hujaita fundi, simama bafuni na chaki, chora choo kinakaa wapi na kinaelekea wapi, sinki wapi, shawa wapi, mlango unafungukia wapi, alafu mwite mtu mzima wa nyumba aje aangalie.

Hapo hapo kwenye mlango, ukiweza ufungukie nje. Mtu akianguka bafuni na mlango unafungukia ndani, mwili wake ndo kitasa, huwezi kuingia kumsaidia. Kama una mzazi mwenye magoti mabaya fikiria bakuli lililoinuka kidogo, la kawaida ni kama sentimita 40 toka chini, na ukuta wa pembeni uimarishwe mapema kwa ajili ya kishikio. Kishikio kilichofungwa kwenye plasta iliyolegea ni bora kisiwepo kabisa.

Sasa sakafu, na hapa naomba msinikimbie maana ndo pesa yangu nyingi ilipotakiwa kwenda na mimi nilikuwa nafikiria kioo chenye taa. Mteremko wa sakafu kuelekea kwenye tundu uwe kama sentimita moja na nusu mpaka mbili kwa kila mita, na unatengenezwa kwenye zege la chini, sio kwa kuchezea gundi ya marumaru. Bomba la choo lenyewe chini ya ardhi nalo liwe na mteremko, kama sentimita 2 na nusu kwa mita, likilala sana uchafu unabaki. Chini ya kila tundu la sakafuni kuwe na trapu, ile kona inayobaki na maji yanayozuia harufu ya shimo kupanda, maji yake yawe na kina cha angalau sentimita 5. Na ukisikia bafu la wageni linanuka wakati hakuna anayelitumia, mara nyingi ni hayo maji ya trapu yamekauka tu, mwaga ndoo moja uone.

Baada ya zege la mteremko ndo inakuja wotaprufu, ile dawa ya kuzuia maji, na hii mafundi wengi wataruka kama hujasimama hapo. Inapakwa mikono miwili, wa kwanza ukauke ndo upake wa pili, inapanda ukutani angalau sentimita 15 bafu zima, na kwenye eneo la shawa ipande mpaka usawa wa mtu. Pembe na kuzunguka tundu ndo paangaliwe zaidi, pawekwe na kile kitambaa cha nyavu. Ikikauka, ziba tundu, jaza maji sakafu nzima kina cha vidole viwili, chora alama ukutani, acha saa 24. Maji yakibaki kwenye alama na ukuta wa upande wa pili mkavu, endelea. Fundi wangu alisema "shemeji anataka kufuga samaki humu", tukacheka, ila saa nane za usiku nilikuwa na tochi namulika ule ukuta wa chumbani.

Turudi nyuma kidogo. Mabomba ya ukutani yakishalazwa, kabla ya plasta na hiyo wotaprufu, yajazwe maji yakae na presha usiku mzima. Alafu yapige picha, kila ukuta, ukiwa umebandika futi kamba ili kwenye picha ionekane bomba liko sentimita ngapi toka pembeni na toka sakafuni. Mi sikupiga. Wiki ya tatu natundika kioo, nikatoboa bomba la maji ya moto. Sitaki kuliongelea zaidi.

Maji ya moto. Watu wengi tunanunua ile hita ya kufunga juu ya kichwa, ya papo kwa papo, bila kujua inataka nini. Inataka vitu viwili, umeme mkubwa na maji yenye nguvu. Ya kilowati 5 na nusu inavuta karibu ampia 24, ukiiunganisha kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5 unachemsha waya ndani ya ukuta. Iwe na waya wake peke yake toka kwenye sakiti breka, milimita 6, breka yake ya ampia 32, ethi ya uhakika (ule waya unaoenda ardhini), na ile swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Afanye fundi umeme mwenye leseni, sio huyu huyu wa bomba anayesema "na umeme pia najua". Na kwenye LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, ni karibu uniti moja kila dakika 10 za kuoga, mkiwa wanne piga hesabu mwenyewe.

Upande wa maji, kila mita moja ya urefu toka usawa wa maji kwenye simtanki mpaka kichwa cha shawa inakupa presha ya kama ba 0.1 tu. Simtanki letu liko kwenye mnara wa mita 3, shawa iko mita 2 juu, kwaiyo tangi likiwa nusu hita haiwaki kabisa au inawaka inazima. Ile shawa pana kama sinia niliyoiona Kariakoo nikaipenda, nyumbani inadondosha kama bati linalovuja. Ama uinue mnara ama ununue pampu ndogo, na hilo liamuliwe mapema kwa sababu pampu nayo inataka sehemu yake na waya wake. Na kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, usihangaike na koki za kung'aa za bei ya juu, baada ya muda zinatoka vidonda zote. Weka koki moja ya kufungia maji ya bafu zima, mahali mkono unapofika.

Marumaru sina mengi, ila pima mwenyewe. Bafu letu ni mita 1.8 kwa 2.2, ukizunguka kuta zote ni mita 8, tulipandisha mpaka mita 2.4, ni 19.2, toa mlango na dirisha inabaki kama mita za mraba 17.4. Boksi la 30 kwa 60 lenye vipande 8 linafunika 1.44, kwaiyo ni maboksi kama 12, ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, unapata 14. Duka la kwanza waliniambia 18. Nunua zote siku moja na uangalie namba ya toleo kwenye maboksi zifanane, ukirudi kuongeza mbili rangi inaweza kupishana na utaiona kila siku ukipiga mswaki. Za sakafuni ziwe zile za kukwaruza, hizo za kung'aa ziache sebuleni, mwenye watoto ananielewa. Zilizobaki usimpe fundi.

Dari usiweke jipsam ya kawaida, mvuke unailegeza, PVC inatosha. Dirisha lifunguke kweli, kama halipo weka feni ya kutoa hewa nje, sio inayopeleka darini, ukungu unaanzia huko.

Kuhusu fundi mwenyewe, kubalianeni kwa kazi sio kwa siku, na muandikiane hata kwenye wasapu: nani ananunua simenti, nani anatoa kifusi (mi nilidhani ni yeye, yeye alidhani ni mimi, ikawa kirikuu, kile kigari cha mizigo, trip tatu), na malipo yaende kwa hatua, ya mwisho ibaki mpaka mmeoga humo wiki nzima. Na nyie mtaoga wapi? Sisi hatukuwa na choo cha pili. Siku mbili za mwanzo jirani alitupokea kwa tabasamu, siku ya kumi tunapita na ndoo na taulo anajifanya anaongea na simu. Mtoto wangu mmoja mdogo tulimpeleka kwa bibi yake. Ukiweza acha choo kiwe kitu cha mwisho kung'olewa na cha kwanza kurudishwa.

Ile siku ya kukabidhiwa niliazima gololi ya mtoto. Nikaiweka chini kwenye kona ya mlango, pale pale tambara lilipokuwa linakaa, nikaiachia. Fundi kasimama na mwiko wake mkononi hasemi kitu. Ikajishauri kwenye mstari wa grauti, ikazunguka kidogo, alafu ikaanza kwenda taratibu mpaka kwenye tundu ikagonga kile kichujio. "Weka na kona ile," nikamwambia mtoto. Kona zote nne tulijaribu, ndo nikatoa simu nikamtumia hela yake.