Salio Linakwenda Wapi? Namna ya Kuchagua Mtandao wa Simu na Kuepuka Makato Yasiyoonekana

Miaka michache iliyopita mama yangu, ambaye anaishi kijijini, alinilalamikia kwamba kila nikimwekea vocha ya Sh 1,000 haimalizi wiki, ilhali yeye hampigii mtu bali husubiri kupigiwa. Nilidhani watoto wa jirani wanaazima simu yake. Nilipokwenda kumsalimu tulipiga pamoja namba ya huduma kwa wateja, tukaelezwa kwamba laini yake ilikuwa imeunganishwa na huduma mbili za ujumbe wa kila siku, moja ya vidokezo vya afya na nyingine ya matokeo ya mpira, na kila moja ilikuwa ikikata Sh 100 kila alfajiri. Hizo ni Sh 6,000 kwa mwezi, kwa mzee ambaye hawezi kusoma maandishi madogo ya simu ya kitochi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasaidia ndugu na majirani kuchagua laini, na nimeona kosa lile lile likirudiwa: watu huanza na bango la matangazo, kisha hulazimisha maisha yao yafanane na kifurushi kilichotangazwa. Inafaa kuanza upande wa pili. Kwa wiki mbili, andika kwenye daftari umepiga simu kwa dakika ngapi, umewapigia watu wa mitandao gani, umetumia MB ngapi (simu janja huonyesha kiasi hicho kwenye mipangilio, sehemu ya matumizi ya data), umetuma na kutoa pesa mara ngapi, na salio limeisha siku zipi bila wewe kujua sababu. Wengi niliowashauri kufanya hivyo waligundua kwamba gharama yao kubwa haikuwa simu wala intaneti, bali makato ya kutuma na kutoa pesa. Mtu wa namna hiyo akihangaika kulinganisha GB za mtandao huu na ule atakuwa anashughulikia jambo dogo na kuliacha kubwa.

Baada ya daftari, angalia mawimbi ya mahali unapolala na mahali unapofanya kazi. Tanzania Bara ina Vodacom, Airtel, Yas (iliyoitwa Tigo hadi Novemba 2024), Halotel na TTCL, na hakuna hata mmoja ulio bora kila mahali. Vijijini tofauti huwa kubwa zaidi, kwa sababu minara mingi ya huko hujengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na kata hupewa mtandao ulioshinda zabuni. Mwezi Mei 2023 pekee ilisainiwa mikataba ya minara 758 ya namna hiyo. Kwa hiyo usimwulize rafiki aliyeko Kinondoni mtandao gani ni mzuri ikiwa wewe unaishi Kilolo. Waulize majirani watatu, kisha nunua laini ya bei ndogo uijaribu mwenyewe ndani ya nyumba, siyo uwanjani, na uijaribu saa mbili usiku wakati watu wote wako mtandaoni, kwa sababu intaneti inayokwenda vizuri saa nne asubuhi huweza kukwama kabisa jioni.

Sasa ndipo bei zinapoingia. Kifurushi kinapaswa kulinganishwa kwa kile utakachokitumia kabla hakijaisha muda, wala si kwa kile kilichoandikwa. Tuseme kipo cha wiki cha Sh 3,000 chenye GB 2 na kingine cha Sh 2,000 chenye GB 1. Kwa hesabu ya haraka cha kwanza ni nafuu, kwani kila GB ni Sh 1,500 badala ya Sh 2,000. Lakini ikiwa daftari lako linasema unatumia MB 900 kwa wiki, umelipa Sh 1,000 zaidi kwa data itakayofutwa siku ya saba. Hali hugeuka kwa mtu anayenunua cha Sh 500 kila siku: kwa siku 30 ametumia Sh 15,000 bila kuhisi, kiasi ambacho mara nyingi kingemnunulia cha mwezi kilicho kikubwa zaidi. Ninajua kwamba si kila mtu anaweza kutoa Sh 15,000 kwa mkupuo, na hilo si kosa lake. Anayeishi kwa kipato cha siku hulipa zaidi kwa kila kitu anachonunua kidogo kidogo. Hata hivyo, cha wiki huwa ni hatua ya katikati inayofikika.

Soma maneno yanayofuata ile namba kubwa. Dakika zinaweza kuwa za mtandao mmoja au za mitandao yote. MB zinaweza kugawanywa, sehemu ikiwa ya kila mahali, sehemu ya mitandao ya kijamii pekee, na sehemu ya kutumika kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri, wakati ambao umelala. Kifurushi cha siku kinaweza kuhesabiwa kwa saa 24 tangu ulipojiunga, au kikaisha saa sita usiku ya siku hiyo hiyo, na anayejiunga na cha aina ya pili saa moja jioni amenunua saa tano tu. Mambo hayo huandikwa kwenye menyu kabla ya kuthibitisha, kwa hiyo usibonyeze 1 kwa mazoea.

Kuhusu tofauti ya ndani na nje ya mtandao, lipo jambo ambalo watu wengi hawajalizingatia. Zamani kubeba laini tatu kulikuwa na maana, kwa sababu mtandao uliopiga ulipaswa kuulipa mtandao uliopokea, na gharama hiyo ilimwangukia mpigaji. Mwaka 2018 malipo hayo ya mwingiliano yalikuwa Sh 15.60 kwa dakika. Yakashushwa mwaka hadi mwaka mpaka yakafika Sh 2 mwaka 2022. Sababu ya kuwa na laini tatu imepungua sana, lakini hasara yake imebaki: vifurushi vitatu vinavyoisha kila kimoja kivyake, na salio dogo lililosahaulika katika kila laini. Kwa wengi laini mbili zinatosha, moja ya simu na pesa, nyingine ya intaneti.

Pesa za simu zinahitaji uangalifu wa peke yake. Mtu anapokwambia umtumie “na ya kutolea”, anakukumbusha kwamba muamala mmoja hukatwa mara mbili, unapotuma na anapotoa. Makato hupangwa kwa madaraja ya kiasi, na kupita mpaka wa daraja kwa shilingi chache hukupeleka kwenye kato la juu zaidi. Fungua orodha ya ada ya mtandao wako, tafuta madaraja unayoyatumia mara kwa mara, kisha ulinganishe na mitandao mingine kwa viwango hivyo tu. Dukani lipa kwa Lipa Namba badala ya kutoa fedha kwa wakala ili kulipa taslimu. Ikiwa familia yako yote iko kwenye mtandao mmoja, hiyo inaweza kuwa sababu nzito kuliko bei ya bando.

Salio huvuja zaidi baada ya kifurushi kuisha, kwani simu janja huendelea kuvuta data kwa bei ya kawaida ambayo ni ya juu mno. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, zilizoanza Aprili 2021 zinautaka mtandao ukujulishe matumizi yanapofika asilimia 75 na asilimia 100, lakini ujumbe huo huweza kuja ukiwa umelala huku programu zikijisasisha. Njia niliyoiona kuwa salama ni kununua kifurushi moja kwa moja kwa pesa ya simu na kuacha salio la kawaida likiwa sifuri au karibu na sifuri. Zima pia upakuaji wa picha na video wa WhatsApp unaojifanyia wenyewe, ruhusu programu zijisasishe kwa WiFi pekee, na ukatae kifurushi kujirudia chenyewe isipokuwa umekusudia. Kukopa salio nako kuna ada inayokatwa, na anayekopa kila wiki amejiwekea kodi ya kudumu.

Kwa huduma za ujumbe kama zile zilizomnyonya mama yangu, angalia salio kwa *102# usiku kabla ya kulala na tena asubuhi. Likiwa limepungua bila wewe kufanya lolote, piga 100 uombe utajiwe huduma zote zilizounganishwa na laini yako. Nyingi huondolewa kwa kutuma neno ONDOA au STOP kwenda namba ile ile inayokuletea ujumbe. Piga pia *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Wanaoishi Namanga, Holili, Tarakea au Mutukula wana tatizo lao: simu hukamata mnara wa nchi jirani ikiwa bado sebuleni, na matumizi yakahesabiwa kama ya nje ya nchi. Zima data ya ughaibuni (“roaming”) kwenye mipangilio, kisha uchague mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ijichagulie.

Ukiamua kuhama, namba yako inaweza kubaki nawe, kwani huduma ya kuhama bila kubadili namba ilianza nchini Machi 2017. Nenda kwenye duka la mtandao unaouhamia ukiwa na kitambulisho, lakini kwanza lipa ulichokopa, tumia salio lote, na utoe au uhamishe pesa zako, kwa sababu namba huhama lakini akiba ya pesa ya simu haiifuati. Wajulishe unaowasiliana nao mara kwa mara, maana tarakimu za mwanzo za namba hazitaonyesha tena mtandao unaoutumia, na mwenye dakika za mtandao mmoja atakupigia akidhani anatumia kifurushi kumbe anakatwa salio.

Ukikatwa isivyo halali, andika tarehe, saa na kiasi, hifadhi ujumbe wote, lalamika kwanza kwa mtandao wenyewe na uombe namba ya lalamiko. Usiporidhika na jibu, peleka shauri TCRA ukiambatisha namba hiyo. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano nalo huwasaidia watumiaji wasiojua pa kuanzia. Kwa laini ya mama yangu ilibidi azungumze yeye mwenyewe, kwa kuwa imesajiliwa kwa jina lake. Huduma zote mbili ziliondolewa siku hiyo hiyo, na baada ya lalamiko la maandishi alirudishiwa makato ya mwezi mmoja, Sh 6,000.