Jinsi ya kusoma saa kwenye lile lisaa la mawe la Jaipur (na usidhani limeharibika)

Wabongo na Wakenya wengi tunaenda India, matibabu, shule, biashara, sasa ukipita Jaipur usiishie kupiga selfi tu pale Jantar Mantar, kituo cha zamani cha kupimia jua na nyota. Kuna kidude kinaitwa Samrat Yantra, saa ya jua yenye urefu wa mita 27 hivi, aliijenga maharaja Jai Singh wa Pili, aliyekuwa chini ya dola ya Mughal iliyotawala India enzi hizo, na jedwali zake za nyota alizipa jina la mfalme wa dola hiyo, Muhammad Shah. Jamaa alianza na vyombo vya shaba akaona vinachakaa na kucheza, akaamua basi, tujenge kwa mawe, tena makubwa!

Haya, ukifika simama upande wa kusini ambako ngazi zinaanzia, uangalie zinavyopanda. Huo ukuta wa ngazi umeinama digrii 27, sawa na latitudo ya Jaipur, kwa hiyo unaelekea ncha ya kaskazini ya mbingu, yaani ile sehemu ya anga ambayo nyota huonekana kuizunguka. Kushoto kwako ni magharibi, kulia mashariki, na kila upande kuna ubawa uliopinda wenye alama. Asubuhi soma wa kushoto, kivuli cha ukuta kinashuka toka juu mpaka chini saa sita, mchana hamia wa kulia, huko kinapanda.

Ukikaa ukikitazama utaona kabisa kinatembea, maana kwa dakika moja kinakwenda sentimita 6 na kidogo. Mimi hapo ndo ninapopapenda kuliko kote, unaiona dunia ikizunguka kwa macho yako.

Shida ni ukingo wa kivuli. Alama zimegawanywa mpaka sekunde 2 lakini jua si nukta, ni duara, so ukingo unakuwa na ukungu wa zaidi ya sentimita 10. Tafuta pale giza linapoanza kufifia na pale mwanga unapokuwa kamili halafu chukua katikati, hapo ndo saa yako. Guide akikwambia inasoma sekunde 2 bila wasiwasi, mwitikie tu.

Sasa ukilinganisha na simu utakuta haziendani kabisa, watu wengi wanaondoka hapo wanasema imekufa. Haijafa! Simu inafuata saa ya India nzima inayopimwa longitudo 82.5, Jaipur iko magharibi zaidi, karibu 75.8, na kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo ongeza dakika 27 kwenye ulichosoma hapo. Halafu jua lenyewe huwa linachelewa au kuwahi kutegemea mwezi: katikati ya Februari ongeza tena 14, mwanzoni mwa Novemba toa 16, katikati ya Aprili na mwanzoni mwa Septemba achana na hilo, zile 27 zinatosha. Mfano ukuta unasema saa 4 kamili asubuhi, Februari simu itasema 4:41, Novemba 4:11. (Simu itaandika 10 lakini si unajua mwenyewe.)

Na kama kuna mawingu, pole, kaangalie vyombo vingine. Navyo si vya mchezo: huyu huyu Jai Singh aliletewa jedwali za nyota za Ulaya kupitia Wareno, akazipima na zake, akakuta kwenye hizo za Ulaya nafasi ya mwezi imekosewa nusu digrii.