Kisu cha Kijapani: namna ya kukichagua, kukinoa na kukitunza

Kisu cha mpishi cha Kijapani kinatofautiana na visu vingi vya jikoni kwa jambo moja ambalo ndilo linalozaa mengine yote, nalo ni ugumu wa chuma chake. Kisu cha kawaida cha Kijerumani huwa na ugumu wa 56 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell, ilhali kisu kizuri cha Kijapani huanzia karibu na 60, na vipo vinavyofika 64. Chuma kigumu namna hiyo kinaweza kunolewa kikawa chembamba mno bila makali yake kujikunja, ndiyo maana kisu hupita ndani ya nyanya iliyoiva kabla hujakikandamiza. Lakini ugumu huohuo hukifanya kiwe rahisi kumeguka: pale ambapo kisu laini kingepinda, hiki hutoka pengo. Mtu akilishika hilo tangu mwanzo, hatahitaji kukariri masharti ya utunzaji, kwa kuwa kila sharti litamjia lenyewe.

Kabla ya kuuliza bei, amua kwanza kazi ya kisu. Wajapani wana visu vya namna nyingi, kila kimoja na kazi yake, na mgeni wa mambo haya hupotea kwa urahisi kwenye majina. Gyuto ndicho kisu cha mpishi hasa, chenye ncha kali na tumbo lililopinda kidogo, kilichoundwa kwa kuiga visu vya Ulaya pale Wajapani walipoanza kula nyama ya ng'ombe kwa wingi katika zama za Meiji (1868 hadi 1912). Santoku ni kifupi zaidi, kwa kawaida milimita 165 hadi 180, na jina lake lina maana ya fadhila tatu, ambazo wengi huzieleza kuwa ni nyama, samaki na mboga. Nakiri kina umbo la mstatili na ni cha mboga tu. Kwa nyumba inayokata sukuma wiki au kisamvu karibu kila siku, sijaona kisu kinachokishinda. Yanagiba na deba ni visu vya samaki vilivyonolewa upande mmoja tu, navyo vinahitaji ustadi wa pekee katika kuvitumia na katika kuvinoa. Usianze navyo. Ukiwa unatumia mkono wa kushoto, kumbuka pia kwamba visu vya upande mmoja hutengenezwa kwa mkono wa kulia isipokuwa ukiagiza, na vya kushoto huwa ghali zaidi.

Kwa jiko la nyumbani, ushauri wangu ni gyuto ya milimita 210. Wapishi wa hoteli hupenda 240, lakini urefu huo unataka ubao mpana na meza yenye nafasi, na jiko la nyumba nyingi halina.

Visu hivi hutoka katika miji michache yenye historia ndefu ya ufuaji. Mji wa Sakai, karibu na Osaka, ndio unaosifika zaidi kwa visu vya wapishi wa Kijapani, na huko kazi imegawanywa: fundi mmoja hufua ubapa, mwingine huunoa, wa tatu hutia mpini, na kila mmoja huishi kwa kazi hiyo moja maisha yake yote. Mji wa Seki katika mkoa wa Gifu ulikuwa wa wafua panga za kivita, na leo una viwanda vikubwa vya visu. Kuna pia Echizen katika mkoa wa Fukui, na eneo la Tsubame na Sanjo katika mkoa wa Niigata. Aliyebahatika kufika Tokyo aende mtaa wa Kappabashi, ulio kati ya Ueno na Asakusa, ambako maduka ya vifaa vya jikoni yamepangana kwa umbali wa karibu mita 800 na unaweza kukishika kisu mkononi kabla ya kukinunua.

Sasa tuingie kwenye chuma, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Kuna makundi mawili makubwa. La kwanza ni chuma cha kaboni kinachoshika kutu, na maarufu zaidi ni Shirogami na Aogami, vinavyotoka Yasugi katika mkoa wa Shimane. Majina hayo yana maana ya karatasi nyeupe na karatasi ya buluu, kutokana na rangi ya karatasi ya kutambulishia kila aina. Chuma chenyewe hakina rangi hizo. Shirogami ni safi, hunoleka upesi na hupata makali ya ajabu. Aogami imeongezwa kromiamu na tangsteni, hivyo makali yake hudumu zaidi. Kundi la pili ni la chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, kama VG-10 yenye kromiamu takribani asilimia 15, au Ginsan, ambayo mkononi na kwenye jiwe la kunolea hukaribia sana chuma cha kaboni.

Kwa mtu anayeishi Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam au Maskati, mahali ambapo hewa ina unyevu na chumvi mwaka mzima, mimi humshauri aanze na VG-10 au Ginsan. Kisu cha Shirogami kikikata ndimu na kuachwa kwenye kibao wakati unakwenda kufungua mlango, utakikuta kimeanza kubadilika rangi. Si kwamba kimeharibika, maana baada ya wiki kadhaa za matumizi chuma cha kaboni hujifanyia utando wa kijivu na buluu unaokikinga kwa kiasi fulani, na wapo wanaokipenda kwa ajili ya utando huo. Lakini kinadai uwe umekwisha kujijengea tabia ya kukifuta kila mara.

Visu vingi vya leo vina tabaka: chuma kigumu katikati na chuma laini pande mbili. Huo ni ujenzi mzuri, kwa kuwa ile laini hupokea mishtuko na kurahisisha kunoa. Yale mawimbi mazuri yanayoonekana ubavuni mwa visu vingine yamo kwenye tabaka la nje tu, wala hayaongezi makali hata kidogo. Muuzaji anayesifia mawimbi bila kutaja jina la chuma cha katikati hajakuambia chochote. Hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza: chuma cha ndani kinaitwaje, na ugumu wake ni kiasi gani? Mtandaoni kuna visu vingi vyenye majina yanayosikika kama ya Kijapani, vyenye maandishi yaliyochorwa ubavuni, ambavyo havikufuliwa Japani. Kisu cha kweli hutaja mtengenezaji, mji na chuma.

Kikifika mikononi, kielekeze kwenye mwanga, mpini ukiwa karibu na jicho, uangalie kama mstari wa makali umenyooka kuanzia kisigino, yaani mwisho wa makali karibu na mpini, hadi kwenye ncha. Kilaze makali yake juu ya kibao tambarare na ukisogeze kama unakata. Pasionekane mwanga mahali ambapo makali yangepaswa kugusa ubao. Kishike kwa kuubana ubapa kati ya kidole gumba na cha shahada, karibu kabisa na mpini, uone kama kinatulia au kinavuta upande mmoja. Kisu kizuri cha kuanzia, kisicho na mapambo, hupatikana kwa dola za Marekani 80 hadi 150 kabla ya usafiri na ushuru. Katika bajeti hiyohiyo weka fedha ya kinoo, yaani jiwe la kunolea. Mtu mwenye fedha ya kisu tu, bila ya jiwe, ni heri anunue kisu cha bei ndogo zaidi pamoja na jiwe, kwa sababu kisu cha dola 200 kilichokuwa butu hukata vibaya kuliko cha sokoni kilichonolewa asubuhi.

Kuhusu matumizi, nitaeleza lililotokea nyumbani kwangu. Gyuto yangu ya kwanza ilikuwa na miezi miwili tu nilipotoka kwenda dukani siku ya wageni, na shemeji yangu, kwa nia njema kabisa ya kusaidia, akaichukua kukatakata kuku wa kienyeji, mifupa na yote. Niliporudi nilikuta mapengo mawili karibu na kisigino, moja la ukubwa wa punje ya mchele. Hakuwa na kosa, maana katika nyumba zetu kisu kikali ndicho kinachochukuliwa kwa kazi ngumu, na mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba hiki ni cha namna nyingine. Tangu siku hiyo kisu kile cha zamani, kinene na laini, kina kazi yake rasmi: mifupa, muhogo mgumu, boga lenye ganda, nyama iliyotoka kwenye friza. Nazi hupasuliwa kwa mgongo wa panga kama ilivyokuwa siku zote. Kila anayeingia jikoni anajua kipi ni kipi.

Mwendo wa mkono nao ni muhimu. Kisu hiki husukumwa mbele au huvutwa nyuma huku kikishuka. Hakipigwi kwenye ubao wala hakizungushwi kikiwa kimezama ndani ya kitu, kwa sababu ni kule kukipindisha pembeni kunakomega makali. Ukitaka kukusanya vitunguu ulivyokata, kigeuze na utumie mgongo wake. Kibao kiwe cha mbao isiyo ngumu sana au plastiki laini. Kioo, marmari na sahani ni mwiko, na mianzi pia ni migumu kuliko watu wanavyodhani. Mvule hupendwa kwa vibao, lakini maseremala wanafahamu kwamba mara nyingine mti huo huwa na chembe za mawe ndani yake, hivyo kague ubao kabla ya kuununua.

Kuosha hakuna mengi: kwa mkono, maji na sabuni, upande laini wa sifongo, kisha futa mara moja hadi pakauke, ukianzia mgongoni kuelekea kwenye makali. Kisiachwe ndani ya beseni la vyombo, kwa usalama wa kisu na wa mikono ya atakayeosha. Mashine ya kuoshea vyombo huharibu makali na hupasua mpini wa mbao. Kisu cha kaboni kitakachokaa bila kutumika kipakwe mafuta membamba sana. Wajapani hutumia mafuta ya mbegu za kamelia, ambayo hayagandi wala hayanuki upesi. Madoa ya kutu yakianza, chovya kitambaa kwenye lile tope linalobaki juu ya kinoo baada ya kunoa, usugue taratibu, yataondoka.

Kunoa ndiyo kazi inayoogopwa bila sababu. Kwanza, usikipeleke kisu hiki kwa mnoaji wa cherehe ya baiskeli. Ninawaheshimu mafundi hao na visu vyangu vingine huwapelekea, ila gurudumu linalozunguka kikavu huchemsha makali hadi chuma kikapoteza ugumu wake, yaani kile kitu hasa ulichokilipia. Nunua jiwe la maji la namba 1000, na baadaye la 3000 au 6000 kwa kumalizia; kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo jiwe linavyokuwa laini zaidi. Namba 400 ni ya kuondoa mapengo; yale mawili ya gyuto yangu yalinichukua sehemu kubwa ya alasiri.

Mawe mengi ya namba 1000 hulowekwa ndani ya maji kama dakika 10, hadi viputo vikome kutoka. Liweke juu ya kitambaa chenye maji ili lisiteleze. Laza kisu juu ya jiwe, kisha nyanyua mgongo wake kiasi cha milimita 12. Kwa gyuto yenye ubapa wa upana wa karibu milimita 48, hapo utapata pembe ya takribani nyuzi 15, ambayo ndiyo inayofaa kwa kila upande. Anayeanza apake wino wa kalamu nzito kwenye makali na asugue mara chache: wino ukitoka juu tu, amelaza kisu mno, ukitoka ukingoni tu, amekinyanyua mno. Vidole viwili vya mkono wa pili vikandamize kidogo juu ya sehemu inayonolewa, na visogee pamoja nayo kutoka kwenye ncha hadi kwenye kisigino.

Kisha endelea mpaka usikie mkunjo. Pitisha kidole gumba upande wa pili kutoka mgongoni kutokea nje ya makali, kamwe si kwa kufuata urefu wake, nawe utahisi kitu kama uzi mwembamba unaokwaruza ngozi. Huo ni chuma kilichosukumwa kikajikunja, na ndiyo dalili pekee ya kuaminika kwamba umefika ukingoni. Usipouhisi kwa urefu wote wa kisu, bado hujamaliza upande huo, hata kama umesugua nusu saa. Ukiupata, geuza upande, uulete mkunjo huku, kisha upunguze nguvu kidogo kidogo kila unapogeuza, hadi mwisho uwe unabeba uzito wa kisu chenyewe tu. Malizia kwa kukiburuta kinyumenyume mara kadhaa juu ya gazeti lililokunjwa au kipande cha jinzi. Kijaribu kwenye nyanya: ngozi ipasuke kwa uzito wa kisu bila mkono kusukuma.

Kwa jiko la familia, mara moja kila baada ya miezi miwili au mitatu inatosha. Kile chuma cha duara chenye mistari kinachokuja pamoja na seti za visu vya Ulaya usikitumie, kwani humega makali magumu. Jiwe lenyewe huchimbika katikati kadiri linavyotumika, nalo lisawazishwe kwa kulisugua juu ya msasa uliotandikwa kwenye kioo tambarare, la sivyo litakuharibia pembe.

Kisu kikishakauka kihifadhiwe kwenye ala ya mbao au kwenye ukanda wa sumaku uliofunikwa mbao, kikitangulia kugusa kwa mgongo na kutolewa kwa kuachia makali kwanza. Kwenye droo yenye vijiko na miiko, kiwe ndani ya ala daima.