Kugawa diski ya kompyuta ya nyumbani na kutunza nakala

Wateja wengi huniambia, "Fundi, picha zangu ziko D, hazina shida." Shida ipo. C na D ni patisheni mbili, yaani vipande viwili vya diski moja, na diski ikifa zinaondoka zote. Faida ya kugawa ni nyingine: Windows ikiharibika, unafuta C na kuweka Windows upya bila kugusa mafaili yako yaliyo D. Diski ikifa, kinachokuokoa ni nakala iliyo kwenye kifaa kingine. Fanya yote mawili.

Hatua ya 1. Anza na nakala. Nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje kabla ya kugusa patisheni yoyote. Kama BitLocker (kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo) imewashwa, andika ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Laptopu iwe kwenye chaji na betri iwe imejaa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hii unaweza kupoteza patisheni nzima.

Hatua ya 2. Bonyeza Windows na X kwa pamoja, fungua Disk Management. Vipande vidogo vya EFI na Recovery usiviguse kabisa. Bila EFI, Windows haiwaki. Bofya kulia kwenye C, chagua Shrink Volume (punguza ukubwa). Kiasi kinaandikwa kwa MB: ukitaka kukata GB 250, andika 256000. Diski ya GB 512 huonekana kama 476 hivi, kwa hiyo C itabakiwa na zaidi ya GB 200. Ikigoma ilhali nafasi ipo, kuna mafaili ya mfumo yasiyohamishika yamekaa mbele. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off` (huzima hibernation na kuondoa faili lake kubwa), zima na kuwasha, ujaribu tena.

Hatua ya 3. Bofya kulia kwenye eneo jeusi ulilokata, chagua New Simple Volume, kisha NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows), na uipe herufi D. D moja inatosha. Ukikata vipande vinne, kimoja kitajaa huku vingine vikibaki vitupu.

Hatua ya 4. Weka kila kitu ndani ya D:\Kazi. Chomeka diski ya nje, tuseme ni E, kisha kwenye Command Prompt andika amri hii ya robocopy, programu ya kunakili ya Windows:

`robocopy D:\Kazi E:\Nakala\Kazi /E /R:1 /W:1`

/E hubeba folda zote za ndani. Usisahau /R:1, kwa sababu bila hiyo robocopy hulirudia faili lililogoma hadi mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Wapo wanaopenda /MIR, inayofanya nakala ifanane kabisa na asili. Kwa nyumbani siishauri: mtoto akifuta folda kwenye D, ukiendesha amri tena itafutwa na kwenye nakala. Kazi ikiisha, soma safu ya FAILED. Lazima iwe 0.

Hatua ya 5. Chomoa diski, uiweke mbali na kompyuta. Virusi vya kudai fidia hufunga na diski ya nje iliyoachwa imechomekwa. Nakala ya pili mwachie ndugu wa nyumba nyingine, au iweke mtandaoni. Kila mwezi fungua mafaili machache ya nakala kwenye kompyuta nyingine, hasa video ndefu, uzicheze mpaka mwisho.