Namna ya kupima ahadi ya taifa kuhusu haki za binadamu

Anayetaka kujua kama taifa lake linaheshimu haki za binadamu kwa dhati, ndani na nje ya mipaka yake, asianze na hotuba bali aanze na nyaraka. Tuchukue Tanzania kama mfano.

Fungua kwanza Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 12 hadi ya 29, zilizotokana na marekebisho ya mwaka 1984. Ibara ya 30 usiiruke: ndiyo inayoruhusu sheria kuziwekea haki hizo mipaka, na hiyohiyo ndiyo inayompa aliyedhulumiwa ruhusa ya kwenda Mahakama Kuu.

Kisha kagua mikataba ya kimataifa ya haki za binadamu, bila kuchanganya kutia saini na kuridhia, yaani kukubali kufungwa na mkataba, kwa kuwa kuridhia kunapitia Bunge kwa mujibu wa ibara ya 63.

Panapofichua mengi zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye mlango wa malalamiko. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha, na mwaka 2010 Tanzania ilitoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki humo moja kwa moja. Tamko hilo liliondolewa Novemba 2019, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye, hata mkazi wa Arusha mwenyewe akawa hawezi tena kufungua shauri jipya dhidi ya serikali yake katika mahakama iliyo mjini kwake. Bado ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, ila muda wake wa kufungua shauri ni miezi miwili tu.

Mwisho, tafuta ripoti za Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa huko Geneva, ambako Tanzania ilikaguliwa na mataifa mengine mwaka 2011, 2016 na 2021. Humo mapendekezo hugawanywa kati ya yaliyokubaliwa na yale ambayo nchi imesema tu kwamba imeyasikia, lugha ya kidiplomasia ya kukataa bila kutamka hapana. Chora jedwali: upande mmoja andika pendekezo lililokubaliwa, upande wa pili sheria iliyotungwa kulitekeleza pamoja na tarehe yake. Nafasi ya tatu iachie ushauri ambao nchi yako iliwapa wengine kuhusu jambo hilohilo zilipofika zamu zao za kukaguliwa.