Kesi ya mtoto Mombasa, toka simu ya kwanza mpaka kufunga faili

Hii naandikia wale wameanza juzi kazi ya kesi za watoto hapa Mombasa, uwe uko ofisi ya serikali, uwe shirika, uwe ni volantia wa mtaa unayepigiwa na chifu usiku. Chuoni ushafundishwa hatua zote, kupokea kesi, kutathmini, kupanga, kufuatilia, kufunga, na hizo hatua ni za kweli sipingi. Lakini hapa Pwani kila kesi utakayoshika ina ukoo mzima nyuma yake, kuna bibi, kuna mashangazi, kuna ami mwenye sauti, na hao hao ndo watakusaidia kumlinda mtoto na hao hao ndo watakuja kukuvunjia kesi. Kazi kubwa ni kujua saa gani uko na yupi.

Tuanze na simu. Kesi italetwa na ticha, au nesi, au jirani, au itatoka 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ambayo ni bure na iko wazi saa 24. Jirani mara nyingi hataki kutaja jina na usimlazimishe, nyumba zetu zimebanana na anajua akijulikana atahamishwa mtaa. Wewe uliza haya: mtoto yuko wapi SAA HII, yuko na nani, huyo anayesemwa anamdhuru analala nyumba hiyo hiyo ama anakuja na kwenda, na mara ya mwisho mtoto kuonekana ni lini. Alafu uliza mtaa mpaka uelewe, "nyuma ya msikiti Kisauni" si anwani. Na angalia mpaka wa kaunti, Mtwapa ni Kilifi hata kama watu wake wote wanafanya kazi Nyali, na ukishuka feri Likoni ukaenda mbele kidogo ushaingia Kwale, kesi ikifunguliwa ofisi siyo utapoteza siku na faili litazunguka.

Kama ni unajisi, kama ni kipigo kimeacha alama, kama ni mtoto mdogo kafungiwa ndani peke yake, hiyo ni ya leo, hata kama saa kumi imeshapita na ulikuwa unaelekea kwako. Hasomi, hali vizuri, baba hatoi matumizi, hizo zinaweza kungoja kesho au keshokutwa. Na tafadhali picha ya mtoto isitoke kwenye simu yako kwenda grupu lolote la WhatsApp, hata grupu la wenzako, watu wanapenda kuforwadi kwa huruma na mtoto anaenda shule Jumatatu kila mtu anamjua.

Sasa kwenda nyumbani. Nenda wawili. Vaa kiheshima, kina dada mtandio uwe kwenye mkoba, na shukia mbali kidogo, gari yenye nembo ya shirika ikisimama mlangoni mtaa mzima ushajua. Saa nzuri ni asubuhi watu wakishapeleka watoto shule kama unamtaka mzazi peke yake. Ukitaka kumkuta mtoto nyumbani usiende alasiri bila kuuliza, wengi wakitoka shule wanaingia madrasa. Magharibi isikukute ndani ya mitaa usiyoijua, hasa kule vijana wa mapanga wanasumbua, kesi haiendi mbele ukiibiwa simu yenye namba zote za mashahidi.

Mzee wa mtaa atakusaidia sana kukuonyesha mlango, lakini kabla hujamwambia unaenda kwa nani, uliza kiujanja ana undugu na nani pale. Nshaona ziara zinafika watu washajipanga, watoto wamevalishwa sare mpya, sufuria ya biryani iko jikoni, na hakuna anayejua habari ilitokaje.

Ukifika piga hodi, salimu kwa mpangilio, mkubwa kwanza, kaa barazani kama wamekukaribisha barazani, usiingie vyumbani kwa watu kama polisi. Chai ikija kunywa. Waeleze wewe ni nani na kwamba umekuja kujua hali ya mtoto, jina la aliyeripoti hulitaji hata wakikutega, na watakutega. "Ni yule Mwanaisha wa hapo nyuma, si ndo?" Wewe sema tu taarifa huja kutoka sehemu nyingi.

Macho yako yafanye kazi wakati mdomo unapiga stori. Mtoto analala wapi na nani, chakula cha mwisho kilikuwa nini, daftari za shule zina tarehe za karibuni, kitabu cha kliniki kipo, cheti cha kuzaliwa kipo. Na hapa niseme kitu ambacho kinanikera kwenye ripoti nyingi ninazosoma: umaskini si kosa. Watoto wanne kulala mkeka mmoja kwenye mtaa wa mabanda wa Bangladesh hapa Mombasa si kutelekezwa, mama anayeuza viazi karai mpaka saa nne usiku hajamtupa mtoto wake, anatafuta. Kutelekezwa ni pale uwezo upo ama msaada upo na mtoto bado anaachwa. Ukichanganya hivi viwili utatenganisha watoto na mama zao kwa sababu ya kodi ya nyumba.

Kuongea na mtoto usifanyie chumbani kwenye nyumba ya Kiswahili, kuta hazifiki juu, kila mpangaji wa ukumbi ule anaskia. Tafuta ofisi ya ticha, au uwanja wa madrasa kama ustadh ni mtu wa kuaminika. Kaa chini urefu wake. Anza na vitu vya kawaida, mpira, rafiki zake, nani hupika kwao. Alafu maswali yawe ya wazi, "nieleze jana ilikuwaje ulipotoka madrasa", "alafu ikawaje", na nyamaza umsubiri. Usimwambie "ni ami yako ndo alikushika, si ndiyo?" maanake ushamtilia jibu mdomoni na wakili wa upande wa pili atalila hilo swali kwenye korti ya watoto Tononoka. Andika maneno yake yeye kama alivyoyatamka. Akisema "alinifanyia tabia mbaya" andika hivyo hivyo, alafu umuulize ndo kufanya nini, usijaze wewe. Na usimuahidi kuwa hutamwambia mtu, hilo huwezi kulitimiza. Mwambie utawaambia wale tu wa kukusaidia kumlinda. Ukipata maelezo ya kutosha kujua hatari ni ipi simamisha, si lazima mtoto asimulie mara tano kwa watu watano.

Kama ni unajisi, mwendo unabadilika. Hospitali kwanza. Coast General wana kituo cha kushughulikia dhulma za kijinsia na wamezoea watoto. Dawa za kuzuia HIV lazima zianze ndani ya saa 72, na msichana aliyeshavunja ungo kuna dawa ya kuzuia mimba ndani ya siku 5, na zote kadiri unavyowahi ndo bora. Mama atataka kumuogesha mtoto, ni huruma ya mama, muombe kwa upole asimuogeshe na asifue zile nguo. Nguo tia mfuko wa kaki, si wa nailoni, kwenye nailoni zinapata unyevu na ushahidi unaharibika. Pale hospitali hakikisha fomu ya PRC, ile ya matibabu baada ya kunajisiwa, imejazwa, huwa na nakala tatu na moja ni ya polisi. Polisi mchukue namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, na P3, fomu ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha, na P3 ni bure, mtu akikwambia ina ada uliza risiti utaona atakavyobadilika. Mama akikosa kuwa na namba ya OB aliyoiandika mahali, basi hajaripoti, ameongea tu na askari.

Siku mbili tatu baadaye ndo watakuja. Ami, mzee mmoja wa heshima, pengine na mtu wa msikitini ama wa kanisani, wanakwambia "mwanangu, sisi ni watu wa damu moja, tumekaa tumeyamaliza, mtoto wa kike aibu itamfuata." Hapo usipandishe sauti, na pia usitetemeke. Waambie kwa adabu kuwa hata wewe huna mamlaka ya kuyamaliza. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kesi ikisharipotiwa haiondolewi na mama, wala baba, wala afisa, uamuzi wa kuisimamisha uko kwa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali. Na waambie adhabu yenyewe, mtoto wa miaka 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha, wa 12 mpaka 15 si chini ya miaka 20, wa 16 mpaka 18 si chini ya 15. Mara nyingi wazee hawajui, wanafikiri ni jambo la faini. Na shehe au pasta usimfanye adui, mfuate wewe mapema kabla hawajamfikia wao, ukimpata akasema hadharani kuwa dini haifuniki dhulma ya mtoto ushapunguziwa nusu ya kazi.

Lakini uelewe mbona mama analegea. Kama aliyefanya ndo analipa nyumba, kumwambia "kuwa jasiri mama" ni maneno matupu. Kwa hiyo mpango wako wa kesi uwe na unga na kodi ndani yake: nani wa familia atamsimamia, shirika gani linaweza kumpa miezi kadhaa, mtoto ahamie kwa khalati yake Changamwe mpaka atoe ushahidi. Kesi nyingi zinakufa kwa njaa ya shahidi, polisi wanasingiziwa bure. (Sio kila mara bure, lakini leo tuliache.)

Swali la mtoto aende wapi. Vijana wapya wanakimbilia makao ya watoto kwa sababu ni rahisi, unampeleka, unasainiwa, unalala. Serikali ilisimamisha kusajili makao mapya tangu 2017, na mkakati wa taifa wa 2022 mpaka 2032 ni kuwarudisha watoto kwenye familia, na mimi nakubaliana nao mia kwa mia. Kwa hiyo anza na bibi, khalati, shangazi, mjomba, somo wa mama, chora ukoo kwenye karatasi na mtoto mwenyewe akusaidie, umuulize "ukiogopa hukimbilia kwa nani?" Alafu ukamkague huyo mtu kama ulivyokagua nyumba ya kwanza, nani wengine wanalala pale, aliyefanya ubaya huwa anafika pale Idi au maulidi? Bibi ambaye ni mamake mtuhumiwa, hata awe mcha Mungu vipi, huyo usimpe. Kwa familia za Kiislamu, Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine kwa utaratibu wa Kiislamu, watu wengi wanaikubali kirahisi kuliko malezi ya kambo maanake mtoto habadilishwi nasaba. Na vyovyote iwavyo, mtoto asikae kwa mtu wala kwenye makao bila karatasi, afisa wa watoto ahusike na amri itoke korti ya watoto Tononoka. Ukiwa wa shirika huna mamlaka ya kumbeba mtoto kwao, hata uwe umeudhika namna gani.

Matumizi ndo yatakula wiki yako. Baba atasema "hatukuoana", na jibu liko kwenye katiba ya 2010, kifungu cha 53, baba na mama wana jukumu sawa wawe wameoana au la. Wakae ofisini, waandikiane mapatano, kiasi, tarehe, nani analipa fii, nani bima, na pesa ipitie M-Pesa, si mkononi, ili mwezi wa tatu wakianza kubishana uwe na steitimenti. Usiwakutanishe chumba kimoja kama kulikuwa na kupigana.

Wale watoto wa Mwembe Tayari na soko la Kongowea wenye chupa za gundi, nenda mara kadhaa bila kalamu kabla hujauliza chochote. Usiwaite chokoraa hata ukiwa na wenzako tu. Wakishikwa na polisi kumbuka umri wa kushtakiwa sasa ni miaka 12, zamani ulikuwa 8, kwa hiyo tafuta cheti au upimaji wa umri haraka.

Faili liandikwe siku hiyo hiyo, kabla ya kuingiza kwenye CPIMS, mfumo wa kompyuta wa kuweka taarifa za kesi za watoto, na uandike ulichoona si ulichohukumu. "Mama ni mlevi" haisaidii mtu. "Nilifika saa nne asubuhi, mama alikuwa amelala sakafuni hakuamka nilipomuita, mtoto wa miaka 2 alikuwa nje peke yake karibu na mtaro" hiyo hata hakimu anaiona kwa macho. Tia saa, tia aliyekuwepo, tia maneno kwenye alama za kunukuu. Afisa atakayerithi faili lako ukihamishwa asilazimike kukupigia.

Kufunga: usifunge kwa sababu ripoti ya mwisho wa mwezi inataka namba. Funga mtoto akiwa amekaa mahali pamoja bila vurugu, anaenda shule, ziara mbili za ghafla hazijaonyesha kitu kibaya, na yeye mwenyewe ukimuuliza kando ana mtu mmoja mkubwa anayemtaja bila kufikiri. Mwambie huyo mtu mkubwa kuwa unafunga, mwachie 116 na namba ya ofisi si yako binafsi, msaini wote wawili, na kama korti ilitoa amri angalia inaisha lini kabla hujapeleka faili kabatini.