Pikapu ya dizeli inakula mafuta? Anza chini kwenye tairi, pampu iwache mwisho

Kila mwezi ZURA (mamlaka ya Zanzibar inayopanga bei ya mafuta) wakishatangaza bei mpya ya mafuta simu yangu haitulii, huyu anauliza gari yangu inakula dizeli nifanyeje, yule anauliza ati kuna dawa unatia kwenye tangi lita kumi inakuwa kama kumi na tatu, mwengine kaambiwa afunge sumaku kwenye bomba la mafuta. Mie si injinia. Mie dereva tu wa Hilux ya 5L (hilo jina la injini, si lita tano), niko Chake, Pemba, nabeba saruji, nabeba ndizi na mbatata, msimu wa karafuu nabeba magunia, na haya ntakayoyasema nimeyajua kwa kutupa pesa. Hiyo dawa na hiyo sumaku nianze nazo nizimalize hapa hapa: hazina kitu, pesa yako nunua geji ya upepo.

Kuna wakati gari yangu ilianza kula vibaya sana. Nikenda kwa fundi, hata boneti hajafungua kanambia pampu ya dizeli hiyo imechoka. Tukashusha pampu, tukashusha nozeli, gari ikalala gereji siku kadhaa, pesa ikatoka nyingi mpaka naona haya kuitaja, na gari ilipotoka ikawa inakula vile vile. Baadae nipo Mtambile napata pancha ya nyuma, natia mkono kwenye rimu natoa tairi, lahaula, rimu moto haishikiki. Na sikuwa nimefunga breki kubwa yoyote njia nzima. Kumbe breki ya nyuma upande mmoja imeshika, siku zote hizo injini inaivuta gari na breki inairudisha, na mie nalipia wote wawili. Ilitengenezwa kwa pesa ndogo, ile pampu wala haikuwa na kosa.

Ndo mana nasema anza chini.

Lakini kabla ya kugusa chochote, pima. Watu wengi wanapima kwa mshale wa dashibodi, "nilitia ya elfu hamsini nikenda Wete mara mbili imekwisha", hicho si kipimo, mshale unadanganya na bei inabadilika. Jaza fuli tangi, bonyeza tripu (ile ya kuhesabu kilomita za safari) isome sifuri, tembeza gari kazi zako za kawaida siku tatu nne, halafu rudi sheli ile ile, pampu ile ile kama inawezekana, gari isimame pale pale iliposimama mwanzo mana ikiinama upande tangi halijai sawa, jaza fuli tena uangalie zimeingia lita ngapi. Dizeli inatoa povu sana, kwa hiyo mwambie kijana wa sheli atie taratibu, ikikata mara ya kwanza subiri povu lishuke amalizie. Mfano umetembea kilomita 286 zimeingia lita 31.5, gawa, unapata kama 9 kwa lita. Andika kwenye daftari au kwenye simu na uandike pia ulibeba nini, mana 9 ya gari iliyobeba tani ya saruji na 9 ya gari tupu ni vitu viwili mbali mbali. Pima mara mbili tatu kabla hujasema gari mbovu. Na kama umetia tairi kubwa kuliko zilizokuja na gari, jua kilomita zako zinasoma pungufu, unaweza ukailaumu gari bure.

Haya, tairi. Upepo unatiwa asubuhi gari haijatembea, tairi ikiwa moto geji inasoma juu na wewe unadhani umejaza. Kiasi gani? Usimuulize mtu, fungua mlango wa dereva pale kwenye nguzo kuna karatasi imebandikwa, inakwambia mbele ngapi nyuma ngapi, tupu ngapi na mzigo ngapi. Nyuma ukiwa na mzigo inataka zaidi kuliko mbele, na hapa ndo tunapokosea, tunatia zote sawa kisha tunapakia mifuko ishirini. Tairi laini inajikunja kila mzunguko, ile kujikunja inatoa joto na lile joto ni dizeli yako. Mimi naangalia kila Ijumaa asubuhi, nimeifanya kama kukata kucha. Kama gari inavuta upande au tairi za mbele zinaliwa pembeni kafanye alaimenti, tairi zinazotazamana vibaya zinaburuta.

Breki sasa, na hapa nakaa kidogo mana visiwani kwetu hili ni ugonjwa. Hewa ya chumvi, wengine tunabeba samaki na maji ya barafu yenye chumvi yanamwagika mpaka chini ya gari, wengine tunashuka pwani kabisa kupakia, mchanga na chumvi vinaingia kwenye kalipa na kwenye dramu, pistoni inapata kutu hairudi vizuri, waya wa hendibreki nao unakwama ndani ya mpira wake. Dereva hahisi kitu, gari inakwenda tu, nzito kidogo. Namna ya kujua: tembea kama dakika ishirini njia ya wazi bila kufunga breki sana, simama taratibu, halafu sogeza mkono karibu na kila rimu, usishike moja kwa moja utaungua. Zote zinatakiwa ziwe na joto la kufanana, ikiwepo moja moto kuliko wenzake umeshamjua mwizi. Au piga jeki tairi moja moja, tia frii, hendibreki chini, tairi nyengine uziwekee mawe, zungusha kwa mkono, ya nyuma itakuwa nzito kidogo kwa ajili ya difu lakini isiwe ya kukwama. Ukishatoka pwani osha chini ya gari kwa maji matamu. Watu wanaosha bodi inang'ara, chini hawapaangalii.

Wenye 4WD za zamani zile za kuzungusha habu kwa mkono, kateremke sasa hivi uangalie kama hukuziwacha kwenye LOCK, yaani zimeshikana na shafti za mbele. Umetoka shamba kwenye tope umesahau, unakwenda lami wiki nzima unazungusha shafti za mbele bure. Na 4WD yenyewe usiitie kwenye lami kavu, inakula mafuta na inavunja gia.

Halafu thermostati. Hii nataka muisikilize vizuri mana nusu ya pikapu za zamani ninazozijua hazina. Injini hizi za Toyota zinazoitwa 2L zinaogopewa kwa kupasuka silinda hedi zikichemsha, sasa fundi akiona gari imechemsha mara moja anaitoa thermostati anaitupa, anakwambia huku kwetu joto haina kazi. Ina kazi, sheikh. Ile kitu inazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike moto wake, zipo zinazofungua nyuzi 82 na zipo za 88, ukiitoa maji yanazunguka toka unawasha na injini inafanya kazi baridi. Injini baridi haiunguzi dizeli vizuri, oili inabaki nzito, na kwa hizi D-4D, dizeli mpya za Toyota za kompyuta, kompyuta inaona bado baridi inazidisha mafuta. Dalili yake mshale wa joto unalala chini hata ukitembea nusu saa, au ukiteremka mlima unaanguka. Kanunue mpya, na kabla ya kuifunga itie kwenye sufuria ya maji jikoni uichemshe, iangalie inafunguka maji yakikaribia kuchemka na ikipoa inafunga. (Mama watoto atakuuliza, mwambie ni ya gari, sufuria utaiosha.) Na kama gari inachemsha kweli basi tafuta kwa nini inachemsha, rejeta imeziba, feni haishiki, mfuniko hauna nguvu.

Filta ya hewa haraka haraka: vumbi jekundu la njia za shamba linaziba filta upesi, kwenye injini za pampu ya kawaida hewa ikipungua dizeli haipungui, inatoka moshi mweusi ambao ni mafuta hayajaungua. Itoe, ipulize kutoka ndani kwenda nje upepo mdogo, ukitia tochi ndani nje hauoni mwanga badilisha. Usitembee bila filta hata siku moja. Gari za tabo (zenye feni ya kusukuma hewa kwenye injini) kagua na mipira ya intakula, kile kipoza hewa, ukisikia mluzi mpya na gari imekosa nguvu ujue umepasuka mahali. Oili tumia aliyosema mtengenezaji, 15W-40 ya dizeli ndo ya kawaida kwa nyingi, ile nzito nzito ya kuziba moshi inakula nguvu.

Mguu wako ndo kitu cha pili baada ya breki, na hapa Pemba na Unguja tunatofautiana. Unguja ardhi sawa sawa, mtu anatoka Mwanakwerekwe kwenda Paje njia imenyooka anaikanyaga 100. Upepo hauendi kwa hesabu ya mwendo, mwendo ukizidi mara mbili nguvu ya upepo inazidi mara nne, kutoka 80 kwenda 100 peke yake upepo unaokurudisha unaongezeka zaidi ya nusu, na pikapu imekaa kama kabati haina umbo la kupasua upepo. Kaa 70, utafika umechelewa dakika chache. Mlango wa nyuma wa bodi ufunge, najua wako wanaouteremsha ati upepo upite, lakini ukiwa umefungwa hewa inajizungusha ndani ya bodi inakaa kama mto na upepo wa juu unapita juu yake, ukiufungua ule mto unaharibika. Turubai likaze, likipiga piga ni kama parashuti. Keria kama hubebi kitu itoe.

Pemba ni milima, panda shuka panda shuka. Kupanda, usingoje gari ianze kutetemeka ndo ushushe gia, shusha mapema kidogo, mguu nusu, ukiona moshi mweusi kwenye kioo punguza mguu, ule moshi haukuongezei nguvu. Mwendo uupate chini kabla ya mlima kuanza, si katikati yake. Kushuka sasa: wazee wetu wametufundisha kutia frii tuokoe mafuta, na hii ni kinyume. Ukiteremka na gia, mguu umetoa kabisa, magurudumu ndo yanazungusha injini, pampu inakata dizeli, unakula sifuri au karibu ya sifuri. Ukitia frii injini lazima ijizungushe yenyewe kwa hiyo inakula ya sailensa, kama gari imesimama inawaka, na juu ya hapo breki peke yake ndo inakushika na gunia zako nyuma, ikipata moto haishiki tena. Kwa hiyo frii mlimani inakula zaidi na inaua.

Kuzubaa na injini inawaka: unangoja boti Mkoani, AC inapuliza, unapiga soga. Injini kama hizi zikisimama zinawaka zinakula kama nusu lita mpaka lita kwa saa, AC ikiwemo ndo zaidi. Zima. Ila kama gari ina tabo na umetoka kupanda mlima na mzigo ipe dakika moja ipumue kwanza. Na asubuhi hakuna haja ya kuiwasha robo saa ipate moto, dakika moja bas, ondoka taratibu.

Dizeli ya madumu vijijini mimi siinunui ila nimekwama. Dumu hujui jana lilibeba nini, maji yamo, mchanga umo, pengine mafuta ya taa yamo na mafuta ya taa mepesi hayalainishi pampu. Tangi jaza jioni usiliwache nusu usiku kucha, hewa yetu ina unyevu inaganda ndani inakuwa maji. Chini ya filta ya dizeli kuna kijifuniko cha kumwaga maji, kilegeze kila baada ya wiki mbili, kinga kikopo, yakitoka maji mwaga mpaka itoke dizeli safi, kisha funga upige ile pampu ya mkono juu mpaka iwe ngumu.

Umefanya yote hayo, umepima tena bado inakula na moshi mweusi unatoka hata bila mzigo? Sasa ndo nenda kwa fundi wa pampu na nozeli, na nenda kwa mwenye mashine ya kupimia, si wa kusikiliza kwa sikio. Mwambie akuonyeshe kabla hajafungua: nozeli nzuri inatawanya kama ukungu, mbovu inachirizika kama mkojo wa mtoto. Zikiwa nzuri zirudishe usinunue. Zikiwa mbovu badilisha zote nne pamoja, na taimingi ya pampu aitizame kwa vipimo si kwa alama ya patasi. Asikaze skurubu ya mafuta kwenye pampu ili gari iwe na nguvu, wengi wanafanya bila kukwambia. Na nozeli za zamani mwambie akurudishie kwenye kimfuko, zangu mimi bado ziko chini ya kiti, na wala hazikuwa mbovu.